Terra Mbele ya Wasomaji Wake

Mwaka 1988 kampuni ya DC ilichukua matoleo ya mwaka 1984 ya jarida lake la katuni kuhusu kundi la mashujaa vijana, ikayafunga pamoja na kuyauza kama kitabu kimoja. Jina lake ni The Judas Contract. Mtunzi ni Marv Wolfman, mchoraji na mtunzi mwenza ni George Pérez, na kisa chenyewe kinasimulika kwa pumzi moja. Kundi la Teen Titans linampokea binti aitwaye Terra, linampenda, linamfunza, linamwonyesha siri zote za nyumba. Kumbe ametumwa na muuaji wa kukodiwa, na mwishowe anawauza wenzake. Anafia chini ya kifusi alichokiangusha mwenyewe. Umri wake ni miaka kumi na sita hivi.

Kitabu hicho kimechapishwa tena na tena, na kila kizazi kilichokisoma kimetoa hukumu yake. Wasomaji wa kwanza walimlaani binti. Waliokuja baadaye walimgeukia mtu mzima aliyekuwa nyuma yake, na baada yao wakaja wale waliowahoji watunzi wenyewe. Inafaa kuifuata safari ya hukumu hizo, kwa sababu katika hadithi za mashujaa vijana maoni ya msomaji hayakuwa pambo la ukurasa wa mwisho. Maoni hayo yaliajiri watunzi, yalichagua viongozi wa makundi, na safari moja yalimuua kijana.

Mambo yalianza na kundi jingine kabisa. Katika Adventure Comics namba 247, ya Aprili 1958, mtunzi Otto Binder na mchoraji Al Plastino waliwaleta vijana watatu kutoka karne ya 30 waje kumwalika Superboy ajiunge na klabu yao. Kisa hicho kilikusudiwa kianze na kuisha katika toleo hilohilo. Lakini watoto wa Marekani waliandika barua wakitaka kuwaona tena wale vijana wa siku zijazo, na mhariri Mort Weisinger akawasikiliza. Kufikia toleo namba 300, mwaka 1962, kundi hilo, Legion of Super-Heroes, lilikuwa na hadithi zake za kila mwezi. Wasomaji walituma majina ya mashujaa waliowabuni wenyewe, na baadhi yao wakachorwa. Ilipofika zamu ya kumchagua kiongozi wa kundi, kura zilipigwa kwa posta na wasomaji.

Kisha mwaka 1965 mvulana wa miaka 13 huko Pittsburgh, Jim Shooter, alipeleka hadithi kamili. Familia yake ilikuwa na shida ya pesa, naye alikuwa amezisoma katuni za wakati ule kwa makini ya mtu anayetafuta kazi. Aliona hadithi za Legion zimepwaya, akaandika zake akizichora kwa mkono wake ili aonyeshe kila kisanduku kiweje. Weisinger alizinunua. Hadithi ya kwanza ya Shooter ilitoka katika Adventure Comics namba 346 ya mwaka 1966, mwenyewe akiwa na miaka 14. Mwanzoni mwa 1967 alimuua Ferro Lad, shujaa aliyekuwa amembuni yeye mwenyewe, na kifo hicho hakikufuatwa na ujanja wowote wa kumrudisha. Miaka ya baadaye Shooter aliiongoza Marvel kama mhariri mkuu, kuanzia 1978 hadi 1987.

Kitu kingine kilichowapa wasomaji nguvu kilikuwa kidogo mno kwa macho: anwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mhariri Julius Schwartz wa DC alianza kuchapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Mtoto aliyedhani ni yeye peke yake katika mji wake mwenye kupenda mambo hayo akagundua kuwa kuna mwenzake mji wa jirani. Wakaanza kuandikiana. Kutokana na barua hizo vikazaliwa vijarida vya mashabiki, vilivyorudufiwa nyumbani na kutumwa kwa posta, ambamo maoni yalikuwa marefu, makali na yasiyopitia mikononi mwa mhariri wa kampuni yoyote.

Marv Wolfman alitoka humo. Kijana huyo wa Brooklyn alikuwa akitengeneza vijarida vyake mwenyewe, na katikati ya miaka ya 1960 kimoja kati ya hivyo, Stories of Suspense, kilichapisha hadithi ya kutisha ya kijana mwingine asiyejulikana wakati ule, Stephen King. Kwa hiyo Wolfman alipopewa kazi ya kuandika Teen Titans, aliingia akiwa msomaji kwanza.

Teen Titans wenyewe walianza Julai 1964, katika The Brave and the Bold namba 54, kwa kazi ya mtunzi Bob Haney na mchoraji Bruno Premiani. Walikuwa watatu: Robin, Kid Flash na Aqualad, wote wasaidizi wa mashujaa wakubwa. Mwaka uliofuata akaongezwa Wonder Girl. Hapo Haney alizua kitendawili, maana katika hadithi za Wonder Woman za miaka hiyo Wonder Girl alikuwa Wonder Woman huyohuyo alipokuwa mdogo. Mtu mmoja angewezaje kuwa mkubwa huku na mdogo kule kwa wakati uleule? Wasomaji waliliona tatizo hilo. Mwaka 1969 Wolfman, akiwa bado mtunzi chipukizi, aliandika jibu: Wonder Girl ni mtoto aliyeokolewa na Wonder Woman ndani ya jengo lililokuwa likiteketea.

Mwaka huohuo alikutana na msomaji wa namna nyingine, yule wa kufikirika. Pamoja na rafiki yake Len Wein aliandika kisa ambacho ndani yake kungekuwa na shujaa kijana mweusi aitwaye Jericho. Kazi ilikuwa imekwisha kuchorwa pale uongozi ulipoikataa. Neal Adams akapewa jukumu la kuiandika upya na kuichora kwa haraka, na katika toleo namba 20 lililouzwa madukani shujaa huyo alikuwa mzungu mwenye jina jingine. Hakuna mtoto aliyekuwa ameandika barua kumpinga Jericho. Hakuna aliyepata nafasi ya kumwona. Wakubwa waliogopa maoni ambayo hayajatolewa. Jambo hilo linastahili kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba wasomaji hawako tayari. Wolfman hakulisahau jina hilo, na baada ya miaka 15 alilitumia tena, ndani ya hadithi ileile ya Terra.

Jarida la zamani lilisimama mwaka 1973, likafufuliwa 1976, likasimama tena 1978. Mwaka 1980 Wolfman na Pérez walipolianzisha upya, wengi katika kampuni hawakuwa na imani nalo. Toleo la kwanza la The New Teen Titans, la Novemba 1980, liliuzwa kwa senti 50. Robin, Wonder Girl na Kid Flash walikuwemo, pamoja na Changeling, mvulana wa rangi ya kijani mwenye mzaha usiokwisha. Wapya walikuwa watatu: Starfire, binti wa mfalme wa sayari nyingine; Raven, binti wa jitu la giza anayeogopa hasira yake mwenyewe; na Cyborg, yaani Victor Stone, kijana mweusi ambaye nusu ya mwili wake ni chuma baada ya ajali katika maabara ya wazazi wake. Miaka kumi na moja tu ilikuwa imepita tangu Jericho afutwe, na sasa Victor akawa mmoja wa waliopendwa zaidi katika jarida lililouzwa kuliko majarida mengi ya DC.

Kwa nini lilipendwa? Jibu liko toleo namba 8, la Juni 1981, ambalo halina vita vya maana. Ni siku moja ya mapumziko. Victor anakutana na mwalimu Sarah Simms na watoto wanaotumia mikono na miguu ya bandia, na watoto hao hawamwogopi. Wanamwonea wivu kwa viungo vyake vya chuma. Pérez alichora nyuso za watoto hao kwa subira ambayo wachoraji wengine wangeiweka kwenye milipuko. Msomaji wa miaka 14 aliyelisoma toleo hilo hakuwa tena mtazamaji wa mapambano. Alikuwa jirani wa watu hawa.

Ujirani huo ndio Wolfman na Pérez walioamua kuutumia. Desemba 1982, toleo namba 26, Changeling anamkuta binti mmoja akiishambulia Sanamu ya Uhuru ya New York huku akilia kwamba amelazimishwa. Jina lake ni Tara Markov, na ana uwezo wa kuinua ardhi na miamba. Baba yake ni mfalme, lakini yeye alizaliwa nje ya ndoa. Pérez ameeleza kwamba alimchora kwa makusudi asiwe mrembo wa kawaida wa katuni: meno ya mbele yamejitokeza kidogo, macho makubwa, mwili wa mtoto anayekua. Alitaka msomaji asimshuku. Zaidi ya hapo, wakati ule kundi la X-Men la kampuni pinzani lilikuwa limempokea msichana mdogo, Kitty Pryde, na mashabiki walimpenda mno. Watunzi walijua kuwa msomaji mzoefu atasema hawa wameiga tu, kisha atatulia. Dhana hiyo ya kuigwa ikawa pazia. Waliyasoma maoni ya wasomaji kabla hayajaandikwa, wakayajengea mtego.

Katika toleo namba 34, la Agosti 1983, pazia lilifunguliwa kwa msomaji peke yake. Terra anafanya kazi na Deathstroke, jina lake halisi Slade Wilson, askari wa zamani mwenye jicho moja. Mwanawe mkubwa, Grant, alikuwa amekufa akijaribu kutimiza mkataba wa kuwaangamiza Titans, na Slade akaurithi mkataba huo. Kutoka hapo hadi Mei 1984, kwa takribani miezi tisa, msomaji alijua na Titans hawakujua. Changeling anaendelea kumpenda. Donna, yaani Wonder Girl, anaendelea kumwamini. Kikulacho ki nguoni mwako, na wenye nguo hawahisi kitu. Mtu yeyote aliyewahi kufuata hadithi ya gazetini inayokatizwa kila wiki kwa neno itaendelea ataelewa mwezi mmoja una urefu gani katika hali hiyo.

Katika matoleo namba 42 hadi 44 Titans wanakamatwa mmoja mmoja. Lenzi zilizofichwa machoni mwa Terra zilikuwa zikimpelekea Slade picha za kila kitu. Anayeponea ni Dick Grayson, ambaye katika toleo namba 39 alikuwa ameuvua uRobin. Mke wa zamani wa Slade, Adeline, anamjia na habari zote, akiwa na mwanawe wa pili, Joseph, kijana asiyeweza kusema kwa sababu koo lake lilikatwa akiwa mtoto kutokana na kazi ya baba yake. Joseph ndiye Jericho mpya. Dick anavaa vazi jipya na kuitwa Nightwing, jina alilonalo hadi leo. Kisha linakuja toleo maalumu la mwaka, namba 3, ambamo Titans wanaokolewa, Jericho anauingia mwili wa baba yake na kuugeuza dhidi ya waliomkodi, na Terra, akidhani Slade amelainika, anashikwa na wazimu wa hasira hadi ardhi inamfunika.

Wasomaji wa 1984 walishtuka, na mshtuko wao ulikuwa wa kweli. Katika katuni za enzi hiyo msaliti aliye kijana alikuwa na njia zake za kutokea: ametiwa dawa, amerogwa akili, au ana pacha mwovu. Waliosoma mwezi baada ya mwezi walisubiri kimojawapo. Hakikuja. Wolfman na Pérez wameeleza mara nyingi kwamba waliamua tangu siku ya kwanza kuwa Terra ni msaliti na kwamba atakufa, na hawakurudi nyuma. Sifa kubwa ambayo wasomaji wa zamani wanakipa kitabu hiki ni hiyo, kwamba kilitimiza tishio lake, na ni sifa ya haki.

Lakini kitabu cha 1988 hakikuwapa wasomaji wapya kile walichopewa wa kwanza. Mkusanyo unaanza toleo namba 39. Terra wa toleo namba 26 hayumo. Vita vyake na Changeling, siku aliyokubaliwa kuwa mwanachama kamili, sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, ufunuo wa toleo namba 34, vyote viko nje ya jalada. Msomaji anamkuta msaliti aliyekwisha kufichuliwa, na kabla hajafika kwake inambidi apite katika mapambano na kiongozi wa dini Brother Blood ambayo yalianza muda mrefu nyuma. Ndiyo maana malalamiko ya waliokisoma kama kitabu yanafanana: kwamba mwanzo hauna mlango, kwamba watu hawa wanaombolezewa kabla ya kufahamika. Malalamiko hayo ni sahihi. Hayahusu hadithi, yanahusu mkasi wa aliyeikusanya.

Kuna lawama nyingine za kimtindo, na hizi hazichukui muda. Wolfman huandika maneno mengi. Kila shujaa hueleza nguvu zake upya katika kila toleo, kwa sababu mwaka 1984 kila toleo lilikuwa la kwanza kwa mtoto fulani aliyelikuta kwenye kibanda cha magazeti. Yakisomwa matoleo saba mfululizo, maelezo hayo yanachosha. Michoro ya Pérez haichoshi.

Lawama nzito inahusu kurasa za mwisho. Terra anapokufa, msimulizi anachukua nafasi na kutamka hukumu: binti huyu alikuwa mwovu kwa hiari yake, hakuna aliyemharibu, hakuna wa kulaumiwa ila yeye. Titans wanamzika kwa heshima, na kaka yake, shujaa Geo-Force, haambiwi ukweli. Slade Wilson anabaki hai. Wasomaji wengi wa wakati ule waliipokea hukumu hiyo kama ilivyoandikwa.

Sasa turudi katika toleo namba 42, kwenye nyumba ya Slade. Terra amevaa kama mwanamke mkubwa, amejipaka vipodozi, anavuta sigara. Michoro na mazungumzo yanaonyesha waziwazi kwamba kati yake na Slade kuna uhusiano wa kimapenzi. Slade ana mke wa zamani na watoto watu wazima. Mvi zimemjaa kichwani. Mwenzake ni binti wa shule. Mwaka 1984 picha hizo zilitumika kama ushahidi dhidi ya binti: tazameni alivyooza mapema. Msomaji wa leo, hasa msomaji wa kike, na hasa mwalimu au mzazi, anazitazama picha zilezile na kuona ushahidi dhidi ya mwanamume. Wolfman na Pérez walikusudia kumwonyesha mtoto mwovu asiye na sababu. Bila kukusudia walichora kwa usahihi mkubwa jinsi mtu mzima anavyomtumia mtoto: anampa kazi, anampa sifa, anamfanya ajione mkubwa, kisha anamwacha abebe gharama.

Hukumu hiyo mpya ilisaidiwa na katuni ya televisheni. Teen Titans ya Cartoon Network, iliyorushwa kuanzia 2003 hadi 2006, ilikitumia kisa cha Terra katika msimu wake wa pili. Slade yumo, usaliti umo, lakini Terra huyu ni mtoto asiyeweza kuzitawala nguvu zake, mwenye kiu ya kukubaliwa, na Slade anaijua kiu hiyo. Mwishoni anamgeuka bwana wake, anauokoa mji, na mwili wake unakuwa jiwe. Kizazi kizima kilimfahamu Terra kwa njia hiyo, na wengi walipokua wakakitafuta kitabu. Walichokikuta kiliwakasirisha. Wapo wanaosema wamechanganya mambo mawili, kwamba katuni ile ilikuwa laini kwa sababu ya watoto na kitabu ni kigumu kwa sababu ni cha kweli zaidi. Hoja hiyo haisimami. Katuni iliuliza swali ambalo kitabu kilikataa kuliuliza: nani alimfikia binti huyu kwanza, na alimtaka kwa kazi gani?

Wakati kitabu kinatoka, wasomaji wa DC walikuwa wanaulizwa jambo la kutisha kwa simu. Dick Grayson alipoacha kuwa Robin, nafasi yake upande wa Batman ilichukuliwa na Jason Todd, ambaye mashabiki wengi hawakumpenda. Septemba 1988 mhariri Dennis O'Neil aliwapa wasomaji namba mbili za simu, kila mwito senti 50: moja ya kumwacha Jason aishi, nyingine ya kumuua. Kura 5,271 zilitaka aishi. Kura 5,343 zilitaka afe. Kwa tofauti ya kura 72 kijana akauawa katika toleo lililofuata, na kampuni ilishambuliwa vikali magazetini. Namba hizo hutajwa mara nyingi kuthibitisha ukatili wa mashabiki. Zisomwe tena: karibu nusu ya waliopiga simu walilipa senti zao ili kumwokoa mvulana ambaye kila mtu alidai kuwa hapendwi. Kura ya ndiyo na hapana haikuweza kubeba kile ambacho barua ziliweza, yaani sababu. Terra hakupigiwa kura, na maoni juu yake yakapata miaka ya kukomaa.

DC nayo iliendelea kumjibu msomaji, si kwa maneno bali kwa kile ilichouza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilimleta binti mwingine mwenye sura ya Terra, kutoka siku zijazo, akaingia katika kundi la Team Titans. Slade alipata heshima kubwa zaidi: mwaka 1991 alipewa jarida lake mwenyewe, likiandikwa na Wolfman, ambamo yeye ndiye mhusika mkuu mwenye machungu na kanuni zake za heshima. Binti alizikwa na lawama, mwanamume akaanzishiwa mfululizo. Kati ya yote ambayo wasomaji wa baadaye wamelalamikia, hili ndilo lisilojibika.

Jibu bora lilitoka kwa kampuni nyingine. Mwaka 2003 Marvel ilianza kuchapisha Runaways, ya mtunzi Brian K. Vaughan na mchoraji Adrian Alphona. Watoto sita wa Los Angeles wanagundua usiku mmoja kwamba wazazi wao ni genge la wahalifu wanaotoa kafara ya binadamu, na wanatoroka nyumbani. Mdogo kuliko wote, Molly, ana miaka 11. Humo pia kuna msaliti. Ni Alex Wilder, kiongozi wao, kijana mwerevu ambaye muda wote alikuwa upande wa wazazi wake. Naye anakufa. Lakini Vaughan hamwachi msomaji asahau kwamba usaliti wa Alex ulianzia chumba cha watu wazima. Watoto wanamlilia na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na kitabu hakiwalazimishi wachague.

Historia ya Runaways inaonyesha pia kwamba njia ya kupima maoni huweza kudanganya. Mauzo ya kila mwezi katika maduka ya katuni yalikuwa hafifu, na mwaka 2004 mfululizo ulisimamishwa baada ya matoleo 18. Wakati huohuo Marvel ilikuwa imeyakusanya matoleo hayo katika vitabu vidogo vya bei nafuu, vya umbo la katuni za Kijapani, na kuvipeleka katika maduka ya kawaida ya vitabu. Huko vilinunuliwa na vijana ambao hawajawahi kukanyaga duka la katuni, wasichana wengi miongoni mwao. Mwaka 2005 mfululizo ukarudishwa. Wasomaji walikuwepo siku zote; hawakuwa pale walipokuwa wakihesabiwa.

Tukirudi kwa The Judas Contract, basi, inafaa kusomwa, na isomwe kwa mpangilio mwingine kuliko ule wa jalada la 1988. Tangu miaka ya 2010 DC imekuwa ikitoa mikusanyo inayofuata The New Teen Titans toleo kwa toleo kuanzia mwanzo, na mtu mwenye uwezo wa kuipata asisite. Aanze na namba 8, ajue hawa ni watu wa namna gani. Aendelee na 26 hadi 34 bila kuruka. Asipitwe na namba 38, ya Januari 1984, ambamo Dick anaitafuta asili ya Donna kwa mwanasesere aliyeungua na picha chache, hadi anampata mama aliyewahi kumlea. Ni toleo lisilo na pambano hata moja, na katika kazi yote ya Wolfman na Pérez hakuna lililo bora kuliko hilo. Hapo ndipo afungue 39 na kuendelea.

Afikapo kwenye kaburi la Terra na maneno ya msimulizi, asikubali kuamuliwa. Wolfman na Pérez walikuwa mabingwa, na kosa lao katika ukurasa ule halifuti ubingwa huo. Lakini binti alikuwa mtoto na Slade Wilson alikuwa baba wa watoto wawili. Wasomaji waliobadilisha hukumu walikuwa sahihi, na wanaoandika mashujaa vijana leo hawana budi kuanzia hapo.